Faili zisizotakiwa kwenye depo ya Git: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila mara kwa watu wanaoandika programu hapa Goma: wanafunzi walio kwenye TFC (kazi ya kumaliza masomo), vikundi vya watu watatu wanne wanaotengenezea duka au kliniki programu, na yeyote anayelipia mega zake mwenyewe. Amri zote ni za Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo. Depo ni dosie ya mradi pamoja na historia hiyo, komiti ni hatua moja iliyohifadhiwa ndani yake, kupushi ni kuzituma komiti kwenye seva, na kukloni ni kuvuta nakala nzima ya depo. Mercurial na Subversion, programu nyingine za aina hiyo, zina swali lao moja, la mwisho.

## Mwanzo

Faili ya .gitignore inafanya nini hasa?

Ni faili ya maandishi matupu inayowekwa kwenye mzizi wa depo, kanuni moja kwa kila mstari. Git ikikuta faili ambayo haijaanza kuifuatilia, inazipitia kanuni hizo kwanza. Faili ikilingana na kanuni, haitokei kwenye `git status` na `git add .` haiichukui. Kwenye diski inabaki palepale; haifutwi wala haihamishwi.

Shika hapo kwenye "haijaanza kuifuatilia". Faili iliyokwisha kuingia kwenye komiti haiguswi na `.gitignore`, hata uandike kanuni kumi. Malalamiko mengi yanatoka hapo, na dawa yake iko chini, kwenye swali la faili inayoendelea kuonekana.

Faili ya `.gitignore` yenyewe inakomitiwa kama msimbo mwingine, ili wenzako wawe na kanuni zilezile. Iandike kabla ya `git add` ya kwanza.

Si nipushi vyote tu, yaishe?

Angalia terminali wakati unapushi. Ukiona `Writing objects: 3% (1204/38117)` kwenye mradi wenye kurasa ishirini za msimbo wako, bonyeza Ctrl+C: umebeba `node_modules`, dosie ya maktaba zinazopakuliwa na npm, kisakinishi cha Node. Push ikikatika katikati, iwe umeme umeondoka au forfè imekwisha, haiendelei pale ilipoachia. Inaanza upya, na mega zilizokwisha kwenda hazirudi.

Kuna pia migongano. Faili zinazozalishwa na kompaila hutofautiana mashini kwa mashini, kwa hiyo kila mtu akikomiti za kwake, kila `git pull` inaleta mgongano usio na maana yoyote. Na GitHub ina mipaka yake: inaonya faili ikipita MiB 50, na inakataa push yote ikiwa ndani yake kuna faili inayozidi MiB 100.

Nitajuaje kipi kiingie na kipi kibaki nje?

Jiulize: nikiipoteza faili hii sasa, je, naweza kuitengeneza upya kutokana na vilivyomo kwenye depo? Ikiwa ndiyo, ibaki nje. Zibaki nje pia siri zote, na vitu vya mashini yako peke yako. Mfano wa kuanzia:

```
# vinavyopakuliwa au kuzalishwa upya
node_modules/
vendor/
__pycache__/
.venv/
build/

# siri
.env
*.pem

# takataka za mashini na flashi
.DS_Store
Thumbs.db
~$*
*.lnk
```

Mstari wa `~$*` unakamata faili za muda ambazo Word na Excel huacha zikiwa wazi. Wa `*.lnk` uko pale kwa sababu ya virusi vya flashi vinavyojaza dosie kwa njia za mkato. Kanuni haiui virusi, inavizuia tu visifike kwa wenzako kupitia depo. Ukiandika mémoire kwa LaTeX, ongeza `*.aux`, `*.log`, `*.toc`, `*.out` na `*.synctex.gz`.

Usipuuze `package-lock.json` wala `composer.lock`. Zinazalishwa na programu, kweli, lakini ndizo zinazoshikilia matoleo kamili ya maktaba. Bila hizo, mwenzako akisakinisha mwezi ujao anaweza kupata matoleo tofauti na yako.

Mtandao ni dhaifu. Si afadhali node_modules ikae kwenye depo, ili wenzangu wasiipakue tena?

Hoja ina uzito, lakini njia hiyo itawagharimu zaidi. Kila mtakapobadilisha toleo la maktaba, historia itabeba la zamani na jipya, na kila atakayekloni atavuta yote mawili. Tena baadhi ya maktaba za Node hukompailiwa kwa mfumo husika: zilizotoka kwenye Windows hazitafanya kazi kwenye Ubuntu.

Tumia flashi. npm huhifadhi kila ilichopakua kwenye kashe, na amri `npm config get cache` inakuonyesha ilipo. Mmoja wenu apakue mara moja, anakili dosie hiyo kwenye flashi, wengine waiweke mahali pa kashe yao, kisha kila mmoja aendeshe:

```
npm ci --offline
```

Ikilalamika kwamba kuna pakiti inakosekana, rudia kwa `npm install --prefer-offline`: itachukua kwenye kashe kilichopo na kupakua kilichobaki tu. Hii inahitaji `package-lock.json` iwe kwenye depo, sababu nyingine ya kutoipuuza.

Nimeiunda kwenye Windows, lakini Git haiioni.

Kwanza angalia jina. Bloc-notes hupenda kuongeza `.txt`, na Windows ikiwa inaficha viendelezi utaona `.gitignore` kumbe jina kamili ni `.gitignore.txt`. Kwenye "Enregistrer sous" chagua "Tous les fichiers", au andika jina ndani ya alama za kunukuu: `".gitignore"`.

Jina likiwa sawa, angalia usimbaji (encodage). PowerShell 5.1, ile inayokuja na Windows, ukiandika `echo "build/" > .gitignore` inahifadhi kwa UTF-16. Ukiifungua inasomeka vizuri kabisa, ila Git haipati kanuni hata moja ndani yake. Ifungue kwa VS Code, tazama chini kulia; ikisema UTF-16 LE, bonyeza hapo uihifadhi upya kwa UTF-8. Ukitumia Git Bash huwezi kukutana na balaa hili.

Kwenye klavye ya AZERTY: `#` ni AltGr+3, `\` ni AltGr+8, na `~` ni AltGr+2 ikifuatwa na nafasi.

## Kuandika kanuni

Slashi ikiwa mbele, katikati au mwisho, kuna tofauti gani?

Tofauti kubwa. `log` bila slashi inakamata faili au dosie yoyote yenye jina hilo, popote ilipo. `log/` inakamata dosie tu, nayo popote. `/log` inakamata ile iliyo sambamba na `.gitignore`, si iliyo ndani zaidi.

Slashi ya katikati ndiyo inayowanasa wengi: `docs/log` inafungwa mahali pamoja kama vile ungeandika `/docs/log`. Ukitaka ikamate hata `moduli/docs/log`, andika `**/docs/log`. Na kwenye Windows pia slashi ni `/`. Slashi ya kinyume, `\`, kwenye faili hii ni ya kuondolea alama maana yake maalumu: `\#orodha` ni faili ambayo jina lake linaanza kwa `#`.

Nyota moja na nyota mbili?

Nyota moja haivuki slashi. `data/*.csv` inakamata `data/bei.csv` lakini si `data/2024/bei.csv`. Ukiandika `data/**/*.csv` unazipata zote mbili.

Naweza kuandika maelezo pembeni ya kanuni?

Hapana. `*.log # za seva` inasomwa yote kama kanuni moja, na hakuna faili yenye jina kama hilo. Maelezo yanakaa kwenye mstari wake.

Nataka kupuuza dosie nzima isipokuwa faili moja. Alama ya mshangao haifanyi kazi.

Pengine umeandika hivi:

```
picha/
!picha/logo.png
```

Kanuni ya kwanza inaifunga dosie yenyewe. Git haiingii tena ndani yake, kwa hiyo haifiki kwenye `logo.png` hata ikutane na kanuni ya pili. Dosie mama ikishapuuzwa, huwezi kuokoa kitu kilicho ndani. Puuza yaliyomo, si dosie:

```
/picha/*
!/picha/logo.png
```

Faili ikiwa ngazi mbili ndani, fungua kila mlango unaopitia:

```
/picha/*
!/picha/chapa/
/picha/chapa/*
!/picha/chapa/logo.png
```

Mpangilio una maana: ndani ya faili moja, kanuni ya mwisho inayolingana ndiyo inayoshinda. Ukiiweka mistari ya `!` juu, ile ya chini inaifuta.

Wanaotengeneza programu za Android wanakutana na jambo hilihili kwa sura nyingine. Wameandika `*.jar`, na Gradle, zana inayojenga programu hizo, inakataa kuanza kwa aliyekloni. Ongeza chini yake `!gradle/wrapper/gradle-wrapper.jar`, faili hiyo ndogo inatakiwa kwenye depo.

Programu inahitaji dosie ya `uploads` iwepo, lakini tupu.

Git haifuatilii dosie tupu. Weka ndani yake `.gitignore` nyingine yenye mistari miwili:

```
*
!.gitignore
```

Wengine huweka faili tupu inayoitwa `.gitkeep`. Jina hilo ni mazoea tu ya watu, Git yenyewe hailijui.

Herufi kubwa na herufi zenye alama, kama é?

Kwenye Linux, `Build/` na `build/` ni vitu viwili. Kwenye Windows na Mac kwa kawaida Git inavichukua kuwa kimoja, ndiyo maana kanuni inayofanya kazi kwako inaweza kushindwa kwenye seva. Andika jina kama lilivyo kwenye diski.

Jina lenye é, kwa mfano `résumé.pdf`, `git status` inaweza kulionyesha kama `"r\303\251sum\303\251.pdf"`. Usinakili alama hizo kwenye `.gitignore`, andika `résumé.pdf` kwa UTF-8. Ukitaka uone majina yanavyosomeka: `git config --global core.quotePath false`.

## Mbona haifanyi kazi?

Kanuni ipo, jina ni sahihi, faili bado inaonekana kwenye git status kama imebadilika.

Basi ilishaingia. Hakikisha:

```
git ls-files -i -c --exclude-standard
```

Amri hii inaorodhesha faili zinazofuatiliwa ilhali kanuni zinasema zipuuzwe. Kuzitoa bila kuzifuta kwenye diski yako:

```
git rm -r --cached node_modules
git add .gitignore
git commit -m "Ondoa node_modules kwenye depo"
```

Ukisahau `--cached`, zinafutwa kwenye diski pia.

Sasa jambo ambalo maelekezo mengi hayalisemi: kwako faili inabaki, lakini mwenzako akifanya `git pull`, kwake inafutwa, kwa sababu Git inaona komiti inayosema faili imeondolewa. Kwa `node_modules` si kitu. Kwa `config.php` yenye mipangilio ya seva ya mteja, programu inazimika siku hiyohiyo. Waambie wainakili pembeni kabla ya kuvuta.

Nimeshakomiti node_modules, lakini sijapushi bado.

Uko salama, ila usiishie kwenye komiti mpya ya kuondoa. Ile ya zamani bado ina faili zote, na push itazibeba. Ikiwa ni komiti ya mwisho, fanya `git rm -r --cached node_modules`, ongeza `.gitignore`, kisha `git commit --amend`. Zikiwa komiti kadhaa ambazo hazijatoka:

```
git reset --soft origin/main
git rm -r --cached node_modules
git add .gitignore
git commit
```

Komiti zako zitakuwa moja. Mara nyingi hiyo ni bei ndogo kuliko mega utakazotumia.

Nitajuaje ni kanuni ipi inayoizuia faili yangu?

```
git check-ignore -v data/bei.csv
```

Jibu likiwa `.gitignore:7:*.csv	data/bei.csv`, maana yake ni mstari wa 7 wa `.gitignore`, kanuni `*.csv`. Isipojibu kitu, ama hakuna kanuni inayoigusa, ama faili inafuatiliwa tayari. Kwa hali ya pili ongeza `--no-index`. Ukitaka kuona zote zilizopuuzwa, tumia `git status --ignored`. Na ukitaka kuiingiza moja kwa nguvu bila kubadilisha kanuni, `git add -f` inatosha.

Faili ya mipangilio lazima iwe kwenye depo, ila mabadiliko yangu yasionekane. Nitumie assume-unchanged?

Utaona watu wakipendekeza `git update-index --assume-unchanged` au `--skip-worktree`. Hazikutengenezwa kwa kazi hiyo, na maelezo rasmi ya Git yenyewe yanasema hivyo. Siku mwenzako atakapoibadilisha faili ileile, pull yako itagoma, nawe utakuwa umesahau kwamba uliifunga. Weka `.env.example` yenye majina ya vigezo bila thamani, puuza `.env`, na kila mtu anakili yake.

## Siri na data za watu

Nimepushi .env yenye neno la siri. Nimeshaiongeza kwenye .gitignore, inatosha?

Haitoshi. Kuiondoa sasa hakuifuti kwenye komiti za nyuma, na yeyote mwenye nakala anaweza kuisoma.

La kwanza, kabla ya kugusa historia: badilisha siri yenyewe. Neno la siri la hifadhidata, ufunguo wa API, ufunguo wa malipo ya simu, vyote. Kama depo ilikuwa wazi kwa umma, chukulia kwamba siri imeshaonwa, hata kama ilikaa dakika chache. Watu wengi wanaanza na kusafisha historia kwa sababu ndiyo inayoonekana kama kosa, na muda wote huo ufunguo unaendelea kufanya kazi mikononi mwa mwingine.

Baada ya hapo, ukitaka kuisafisha historia, tumia `git-filter-repo`, inayosakinishwa kwa `pip install git-filter-repo`. Kloni upya, kisha ndani yake:

```
git filter-repo --path .env --invert-paths
git remote add origin ANWANI-YA-DEPO
git push --force --all
```

Mstari wa pili unahitajika kwa sababu zana hii huondoa `origin` kwa makusudi. Kama una lebo, pushi nazo kwa `git push --force --tags`. Komiti zote zinazofuata zitapata vitambulisho vipya, kwa hiyo kila mwenzako akloni upya. Mmoja akipushi kutoka nakala yake ya zamani, siri inarudi.

Na orodha za wagonjwa au za wanafunzi tunazotumia kujaribia programu?

Zisiingie kabisa, hata kwenye depo ya faragha. DRC ina Code du numérique tangu Machi 2023, nayo inalinda data za watu binafsi. Puuza `*.sql`, `*.sqlite` na `data/`, kisha tengeneza majina ya kubuni ya kujaribia. Muundo wa hifadhidata bila data unaweza kuingia: `!muundo.sql`.

## Kanuni zako peke yako

Natumia IDE (programu ya kuandikia msimbo) tofauti na wenzangu. Lazima niijaze .gitignore ya wote?

Si lazima. Kanuni za depo hii kwako tu ziandike kwenye `.git/info/exclude`, faili hiyo haitoki kwenye mashini yako. Kanuni za depo zako zote ziandike kwenye `~/.config/git/ignore`, ambako Git huangalia yenyewe, au chagua mahali pengine kwa `git config --global core.excludesFile`. `.idea/`, `.DS_Store` na `Thumbs.db` zinakaa vizuri huko.

Zikipingana, `.gitignore` ya depo inashinda `info/exclude`, nayo inashinda ile ya jumla. Kati ya `.gitignore` mbili, iliyo karibu zaidi na faili ndiyo yenye neno.

## Hali zisizo za kila siku

Tunabadilishana kazi kwa flashi. Kanuni zinafuatwa?

Ukinakili dosie nzima, hapana. Windows haiijui `.gitignore`, inabeba `.env` na `node_modules` pamoja. Tengeneza bando:

```
git bundle create kazi.bundle --all
```

Inatoka faili moja yenye historia tu. Anayeipokea anaandika `git clone kazi.bundle kazi`, na safari nyingine `git pull` ikifuatwa na njia ya bando na jina la tawi.

git clean inafuta zilizopuuzwa?

`git clean -fd` haizigusi. `-fdx` inafuta zisizofuatiliwa pamoja na zilizopuuzwa, na `-fdX` zilizopuuzwa tu. Hizo mbili zinaondoka na `.env` yako bila kupita kwenye kapu la taka. Tanguliza `-n` uone orodha.

Nimebadilisha tawi, na faili iliyopuuzwa imebadilika yenyewe.

Tawi ulilohamia linaifuatilia. Git inaichukulia faili iliyopuuzwa kuwa kitu kisicho na thamani, kwa hiyo inaandika juu yake bila kuuliza. Hutokea sana baada ya kufanya `git rm --cached` kwenye tawi moja huku matawi ya zamani yakiwa bado na faili hiyo. Unganisha mabadiliko hayo kwenye matawi yote mnayoyatumia.

Mercurial na Subversion?

Mercurial inatumia `.hgignore`, na usipoandika `syntax: glob` juu yake inasoma kila mstari kama regexp (mtindo mwingine wa kuandika kanuni), kwa hiyo `*.log` italeta kosa. Subversion haina faili ya namna hii, kanuni ni sifa ya dosie, unaiweka kwa `svn propset svn:ignore "*.log" .` kisha unakomiti dosie hiyo.